Mbayuwayu na Shimo la Muhanga

Katika Uwanda wa Kitulo, ulioinuka kadiri ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari katikati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone, nyasi huficha mashimo ambayo mpita njia asiyeangalia anapokanyaga huyajua kwa mguu kabla ya kuyajua kwa macho. Mdomo wa shimo la namna hiyo ni mpana kiasi cha mtu mzima kupenyeza mabega. Udongo wake ni mweusi na umelowa, na darini mwake mizizi ya nyasi inaning'inia. Aliyelichimba ni muhanga, mnyama wa usiku mwenye masikio marefu na pua ya kunusia ardhi, ambaye alikuwa akitafuta mchwa au mahali pa kujificha ili jua lisimkute nje, kisha akenda zake asirudi. Basi mtu akiketi mbali kidogo na shimo hilo mchana wa mwezi wa Novemba, mvua za kwanza zimekwisha kunyesha na ukungu unapanda polepole kutoka mabondeni, ataona jambo ambalo akili hulikataa mara ya kwanza na kulikubali mara ya pili: ndege mwembamba, rangi yake nili iliyokolea hata ikakaribia weusi, mkia wake umegawanyika katika nyuzi mbili ndefu, anakuja kwa kasi chini kwa chini juu ya ncha za majani, na pasipo kupunguza mwendo anaingia ardhini.

Huyu ndiye mbayuwayu wa buluu, ambaye wataalamu wa elimu ya viumbe humwita Hirundo atrocaerulea, na uzito wake haufiki gramu 20. Sisi tukimfikiri ndege, aghalabu humweka juu, mtini au mawinguni, na tukimtakia mtu uhuru humtakia mabawa. Lakini kiumbe huyu, ambaye hewa ni makazi yake kuliko ilivyo kwa ndege walio wengi, anapotaka kuzaa hushuka mahali ambapo binadamu hushushwa akiisha kufa. Kiota chake hukibandika katika dari ya shimo, nusu ya kifuu iliyofinyangwa kwa tope na majani makavu, ndani imetandikwa vijizizi na manyoya. Humo jike hutaga mayai mawili au matatu, akayaatamia kadiri ya majuma mawili, na makinda hukaa gizani majuma matatu na zaidi kabla ya kuuona mwanga ambamo wataishi maisha yao. Tope huchotwa katika kinamasi kilicho jirani, na juu ya kinamasi hicho hicho ndipo mume na mke huwinda nzi na wadudu wengine wadogo wa kulisha watoto. Kwa hiyo uzazi wake wote umefungamana na nyasi zisizo na miti, maji yaliyotuama mlimani, na shimo asilolichimba yeye mwenyewe. Na kimojawapo kikikosekana, vingine vilivyobaki havimfai kitu.

Hufika Kitulo yapata Septemba na kuondoka Aprili, kabla baridi ya katikati ya mwaka haijazifanya nyasi kuwa nyeupe kwa jalidi alfajiri. Akiondoka hashiki njia ya Ulaya, wala havuki bahari yoyote. Huelekea kaskazini hadi nyika zenye unyevu zilizozunguka Ziwa Viktoria, upande wa Uganda na upande wa Kenya, akakaa huko miezi yake ya mapumziko, kisha hurudi kusini kuzaa. Wenziwe huzaliana katika Uwanda wa Nyika nchini Malawi, katika milima ya mashariki ya Zimbabwe, na wachache mno katika vilima vya Afrika Kusini. Nalitaja hili kwa makusudi, maana tumezoea kuwaita ndege wahamao wageni, na kuwasemea maneno ya ukarimu tunayowasemea wageni, mgeni njoo mwenyeji apone, na ukarimu huo ni mwema kwa wale mbayuwayu wa Uingereza na Urusi wanaotujia kila mwaka kula kwetu na kuzaa kwao. Walakini huyu wa Kitulo ni mzaliwa. Yai lake limepasukia katika udongo wa uwanda huo, na chakula kilichomkuza kimetoka katika maji yetu. Haki anayotudai ni ya mtoto wa nyumba ambaye kazi yake humwita mbali nusu ya mwaka.

Binadamu alichukua muda mrefu kuelewa kwamba ndege husafiri. Aristotle aliandika kwamba baadhi ya mbayuwayu hujificha mashimoni wakati wa baridi, na katika mwaka wa 1555 Olaus Magnus, askofu wa Uswidi, alichapa kitabu chenye picha ya wavuvi wakivua mbayuwayu kwa nyavu kutoka chini ya maji, waliolala pamoja humo hadi msimu wa joto urudi. Kisha mwaka 1822 akauawa korongo mweupe karibu na Klütz, kaskazini ya Ujerumani, na shingoni mwake mlikuwa na mshale wa mti urefu wa sentimita zipatazo 80, na mti ule haukuwa wa Ulaya. Ulikuwa mti wa Afrika ya Kati. Korongo huyo alikaushwa, na hata leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock, mshale wake ungali umepita shingoni. Mimi kila nimfikiriapo ndege yule, moyo wangu huenda kwa mwindaji zaidi kuliko kwa wataalamu waliomzunguka: mtu wetu mmoja, jina lake halikuandikwa popote, aliyevuta upinde apate kitoweo, akakosa kitoweo, na badala yake akapeleka barua ya kwanza ambayo Ulaya iliweza kuisoma juu ya safari za ndege. Hakujua kwamba anaandika.

Miaka 77 baadaye mwalimu Hans Christian Cornelius Mortensen, wa mji wa Viborg huko Denmark, alianza kuwavisha kwezi pete za alumini zenye nambari, na kazi iliyofanywa na mshale ikafanywa kwa jambo jepesi lisiloumiza. Pete moja aliyovishwa mbayuwayu wa kawaida huko Staffordshire, Uingereza, mwezi wa Mei 1911, ilionekana Desemba 1912 katika nyumba ya shamba huko Natal, kusini mwa bara letu. Na hapo ndipo ile hadithi ya kulala chini ya maji ilipokosa pa kusimama. Waswahili husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba ya kuku hufungwa asiende. Pete hii hufungwa mtu ajue ndege aendako, na yeye aende.

Kuhesabu ni kazi nyingine, na kwa mbayuwayu wa buluu ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa na mtu aliyekaa mjini. Ndege mmoja hupita mbele ya macho mara kumi katika nusu saa, akitoka upande huu na kurudi upande ule, na mhesabuji mwenye pupa atawaandika ndege kumi mahali palipo na mmoja. Kwa sababu hiyo wenye kazi hii hawamfuati ndege angani; hutafuta mashimo, wakahesabu jozi zilizomo. Huketi juu ya kichuguu au ubavuni mwa kilima, darubini kifuani na daftari gotini, wakisubiri ukungu ufunguke, na wakimwona ndege ameingia ardhini huandika saa, huweka alama ya mahali, kisha hungoja atoke. Baadaye, wazazi wakiwa mbali kwa uwindaji, mmoja hulala kifudifudi mdomoni mwa shimo, akapenyeza kioo kidogo kilichofungwa katika ncha ya fimbo na kukimulika kwa kurunzi. Na katika kioo hicho, kichwa chini miguu juu, huonekana ukingo wa kiota na midomo miwili ya manjano imefunguka ikidhani mama amerudi. Kazi hiyo haitakiwi izidi dakika chache, kwa kuwa majani yaliyolazwa na tumbo la mtu huwa njia iliyo wazi kwa mnyama mla mayai. Aliyeifanya huinuka na tope tangu kidevuni hadi magotini, akaandika mstari mmoja.

Mali bila daftari huisha bila habari, na methali hii ya wafanyabiashara wetu wa pwani sijaona mahali inapofaa zaidi kuliko katika mambo ya ndege wanaohama. Mti ukikatwa kisiki hubaki kikishuhudia, na kisima kikikauka wachotao maji hupiga kelele siku hiyo hiyo. Lakini ndege asiyerudi Septemba haachi pengo linaloonekana. Nyasi ni zile zile, shimo ni lile lile, anga ni kubwa na limejaa ndege wengine, na yamkini miaka ishirini ikapita kabla mzee mmoja hajasema kwamba zamani palikuwa na ndege wa rangi ya nili hapa. Hata mikataba ya mataifa husimama juu ya hesabu. Ule uliotiwa saini tarehe 2 Februari 1971 huko Ramsar, mji wa Uajemi ulio ufukoni mwa Bahari ya Kaspi, umezaa kanuni kwamba ardhi oevu inayowakimu ndege wa majini 20,000 kwa kawaida, au sehemu moja katika mia ya jamii nzima ya aina moja ya ndege hao, huhesabiwa kuwa na thamani kwa ulimwengu mzima. Na kila Januari watu hutawanyika katika maziwa na mabwawa ya Afrika wakihesabu bata, membe na korongo ili kanuni hiyo iwe na la kusemea. Mbayuwayu wetu hamo katika hesabu hiyo, maana si ndege wa majini ijapokuwa bila kinamasi hazai. Na vinamasi vya mlimani navyo ni vidogo vidogo, kimoja hapa kingine nyuma ya kilima, havina makundi ya maelfu ya kushangaza wageni wenye kamera. Vyapuuzwa kwa udogo wao. Ilhali ni humo maji hukaa miezi mingi baada ya mvua kukoma, yakitoka kidogo kidogo hadi Ruaha Mkuu, yakashuka Usangu, yakafika mabwawa ya Mtera na Kidatu, yakawasha taa za watu ambao hawajapata kusikia jina la Kitulo.

Kuna methali nyingine, na hii ni kali: asiyekuwepo na lake halipo. Sheria yote ya maonevu juu ya ndege wanaohama imo katika maneno hayo manne. Mwezi wa Juni mbayuwayu yuko mbali kando ya Ziwa Viktoria, shimo liko tupu, na mtu anayepima shamba jipya la viazi au la misonobari haoni mwenye nyumba wa kumbishia hodi. Jembe hupita, shimo hufukiwa, mfereji huchimbwa kukausha tope ili udongo ulimike, na kila jambo katika hayo limefanywa kwa nia njema na mtu mwenye watoto wa kusomesha. Ndege anarudi Septemba. Huzunguka juu ya mahali pale siku kadhaa, huku na huku.

Na katika hayo yote lililo gumu kusemeka mbele ya watu ni habari ya miti. Tumefundishwa tangu shule ya msingi kwamba kupanda mti ni wema usio na shaka, na katika sehemu nyingi za nchi yetu zilizokwishapukutishwa misitu, mafundisho hayo ni kweli na yanafaa kurudiwa. Bali nyanda za juu za kusini zina maeneo ambayo tangu zama za kale yalikuwa nyasi, yenye maua na vinamasi na ndege wake, na kuyajaza misonobari ya Sao Hill au miwati ya Njombe, ambayo mashamba yake makubwa yalianza mwishoni mwa miaka ya 1940, ni kuyaharibu kama vile kufyeka msitu kulivyo uharibifu mahali pa msitu. Mbayuwayu wa buluu haruki kati ya mashina, huhitaji uwazi. Mizizi ya miti hiyo ya kigeni hunywa maji ya kinamasi mchana na usiku, na kivuli chake huua majani. Nayasema haya nikijua kwamba mbao hizo zimejenga nyumba na kulipa ada, na kwamba mwenye hekta mbili za miti ana akiba ambayo mwenye hekta mbili za nyasi hana. Sidai miti yote ing'olewe. Nadai kwamba kabla mche haujatiwa ardhini aulizwe mtu anayeijua ardhi hiyo ilikuwa nini, na jibu lake liwe na uzito.

Kitulo chenyewe kilinusurika kwa njia ya ajabu. Wenyeji walikuwa wakikiita Bustani ya Mungu, na jina hilo lilikuwa hifadhi kabla ya hifadhi. Baadaye pakaja mashamba ya ngano, pakaja kondoo, pakaja ng'ombe wa maziwa ambao shamba lao lipo hata leo. Kisha biashara ya viazi vya okidi, vinavyochimbuliwa kwa mamilioni na kupelekwa Zambia kupikwa chikanda, ikatishia kuumaliza uzuri ambao uwanda huo ulijulikana kwao. Serikali ikautangaza kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, eneo la kilomita za mraba 413 hivi, na sababu iliyotajwa kuliko zote ilikuwa maua. Ndege akapata ulinzi uliokusudiwa ua.

Nami nikiendelea kuitazama habari hii, naona kwamba tangu mwanzo ndivyo alivyoishi: amelindwa na wasiojua kwamba wanamlinda. Muhanga humchimbia nyumba akidhani anatafuta mchwa. Huko Kaapsehoop, Afrika Kusini, wachimba dhahabu wa karne ya 19 walitoboa vilima kwa tamaa ya utajiri, dhahabu ikawaishia, wakaondoka, na mashimo waliyoyaacha yakawa mahali pa viota kwa vizazi vya mbayuwayu ambao mababu zao hawakuwahi kuona shimo lililochimbwa kwa sururu. Na upande wa pili wa safari yake, katika Bonde la Lambwe nchini Kenya, si mbali na Ziwa Viktoria, mlinzi wake alikuwa mdudu anayeogopwa kuliko wote: mbung'o, aliyeeneza malale hata watu na mifugo wakalikimbia bonde kwa miaka mingi, nyasi zikabaki nyasi. Bonde hilo likawa pori la akiba mwaka 1966 na hifadhi ya taifa, iitwayo Ruma, mwaka 1983. Na leo ndipo mahali palipohifadhiwa Kenya ambapo mbayuwayu wa buluu hutarajiwa kila mwaka. Nani angethubutu kumshukuru mbung'o? Waliozika ndugu zao kwa malale wana haki ya kumlaani, nami namlaani pamoja nao. Na bado bonde lingekuwa shamba zamani.

Walinzi hao sasa wanapungua mmoja mmoja. Muhanga huchimbuliwa akaliwa, au huuawa kwa kuharibu mashamba, au hutafutwa kwa dawa, na mahali alipotoweka mashimo ya zamani hubomoka kwa mvua na mapya hayachimbwi. Mbung'o wanapigwa vita kwa mitego na dawa, kama inavyopasa. Jina la Bustani ya Mungu linarithiwa na vijana ambao bei ya kiazi cha okidi wanaijua zaidi. Ulinzi wa bahati unakwisha, na ule utakaoshika mahali pake hauna budi kuwa wa kujua na kukusudia, unaoanza na yule mtu aliyelala kifudifudi na kioo chake, ambaye pengine ndiye mlinzi wa kwanza katika historia yote ya ndege huyu kumlinda akijua jina lake.

Ndiyo maana daftari lake lanishughulisha. La Kitulo hufungwa Aprili, na la Ruma hufunguliwa mwezi huo huo, na katikati yake pana nchi nzima ambayo ndege huivuka bila kuandikwa. Mwenye daftari la kusini na mwenye daftari la kaskazini wote husema Kiswahili, wangeweza kuelewana kwa simu moja, na kila mmoja anashika nusu ya hesabu ambayo nusu yake nyingine iko kwa mwenzake. Tena mashimo si yote yamo ndani ya mpaka wa hifadhi. Mengine yako katika nyasi za vijiji, ubavuni mwa shamba la ngano la mtu au nyuma ya zizi lake, na katika vitabu vya watafiti mashimo hayo huandikwa kwa nambari na vipimo vya ramani tu. Ningependa iongezwe safu moja ya maandishi: jina la jirani ambaye ardhi yake inapakana na shimo, na kama aliambiwa mwaka huu makinda wamefika wangapi.